Udongo wa Waqfu: Tuuchimbe, Tuufunike au Tuuache?

Kiwanja kilichotolewa waqfu kwa msikiti wetu, hapa Ilala, hakifiki nusu ya uwanja wa mpira. Upande mmoja kina ukuta wa matofali, pande mbili zina mabati, na mbele yake ipo njia ambayo watoto huipita asubuhi na jioni wakienda madrasa, juzuu zao wamezikumbatia vifuani. Mama aliyekitoa ni mjane wa mzee aliyeswali nasi safu ya mbele kwa miaka mingi. Katika hati aliweka sharti moja tu: pajengwe chuo cha watoto, cha Qur'ani na elimu ya awali. Sisi wanakamati tulikipokea kwa furaha, tukamwombea marehemu, tukaanza kuchora ramani.

Hatukuuliza kiwanja kile kilikuwa kikitumika kwa kazi gani. Hilo ni kosa letu, na tunalikiri mwanzoni kabisa, kwa kuwa makala haya tumeyaandika ili kamati nyingine na familia zinazonunua viwanja zisilirudie.

Na jibu lilikuwa halina siri. Mtaa mzima unalijua. Kwa zaidi ya miaka ishirini marehemu alikipangisha kwa mafundi. Pembe moja ilikuwa gereji bubu, pembe ya pili mafundi betri. Betri kuukuu zilipasuliwa hapo, maji yake makali yakamwagwa chini, sahani za risasi zikatolewa na kuyeyushwa katika sufuria juu ya mkaa, kisha zikamiminwa upya au kuuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya gari ni risasi, kwa hiyo biashara ilikuwa na faida. Upande wa gereji, oili chafu ilimwagwa kila siku hadi udongo ukawa mweusi, unang'aa kama lami. Mafundi walipohama walizoa kila chenye thamani, wakatuachia ardhi.

Aliyetushtua ni mzazi mmoja, mwalimu wa kemia wa sekondari. Alikuja kumchukua mwanawe baada ya Alasiri, akamkuta na wenzake wanacheza kombolela kiwanjani, viganja vimekuwa vyeusi. Alimnawisha mtoto hadi kwenye viwiko, kisha akaja ofisini kwetu. "Katibu," alisema, "kabla hamjaweka jiwe la msingi, mmeupima udongo ule?"

Hatukuwa tumepima chochote isipokuwa urefu na upana.

Ndoo ya maji

Kikao kilichofuata kilikuwa kirefu. Mzee wetu mmoja, mtu wa elimu na heshima, aliona kwamba jambo ni jepesi. Alitukumbusha kisa mashuhuri cha bedui aliyekojoa ndani ya Msikiti wa Mtume (s.a.w.), ikaamriwa pamwagwe ndoo ya maji, pakatoharika. "Basi tuagize maboza mawili ya maji," alisema, "tumwage, tumalize."

Tuliona haya kumjibu, ila hatukuwa na budi. Najisi na sumu ni mambo mawili. Udongo waweza kuwa twahara, mtu akaswali juu yake na swala ikasihi, na udongo huohuo ukamdhuru mtoto anayetia vidole kinywani. Mkojo huoza, hukauka, huliwa na vijidudu vya ardhini na jua. Risasi ni metali. Haiozi wala haiungui ikaisha. Maji hayaiondoi, huteremsha sehemu yake chini zaidi, au huisukuma kwenye mtaro, na mitaro ya huku kwetu wengi tunajua inakoishia: Mto Msimbazi.

Mzee alisikiliza hadi mwisho, Allah amlipe kheri, kisha akauliza swali lililotutawala kwa miezi iliyofuata: "Kama maji hayaiondoi, basi inaondolewa na nini?"

Tulitumia muda mrefu kulikubali jibu, kwamba hakuna kinachoiondoa. Risasi iliyokwisha kuingia ardhini inaweza kuhamishwa, kufunikwa, kufungwa kwa dawa ili isitembee, au kuchujwa kwa mitambo na kupelekwa kwingine. Kila kinachoitwa usafishaji wa udongo wa namna hii ni mojawapo ya hayo. Kwa hiyo mwenye kuchagua njia hana budi kuuliza, kabla ya bei na kabla ya muda, ni nani atakayeibeba sumu hiyo baada yake.

Kwa nini tumeipa risasi uzito wote huu? Shirika la Afya Duniani limekwisha kutamka kwamba hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo hunyonya mwilini mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima katika ile anayoimeza. Tena yeye ndiye atambaaye chini, aokotaye vya chini na kulamba mikono. Ubongo unaokua ndio unaodhurika. Mtoto huwa mzito wa kuhifadhi, hatulii, hukasirika upesi, na huenda ustadhi akamwadhibu kwa utukutu ilhali kosa si lake. Damu nayo hupungua. Kwa mama, risasi hujificha ndani ya mifupa kwa miaka mingi, kisha wakati wa ujauzito na kunyonyesha hutoka mifupani na kumfikia mtoto. Yote haya hutokea pasipo harufu, pasipo kidonda, na mara nyingi pasipo homa.

Kuondoka kwa betri si kusafika kwa ardhi

Walikuwapo wenzetu waliosema: mafundi wamekwisha kuondoka, betri hazipo, tufagie na tujenge. Hao tuliwapa mfano wa karibu. Katika shamba la Vikuge, wilayani Kibaha, viliwekwa viuatilifu vilivyoletwa kuwa msaada kutoka Ugiriki katika miaka ya 1980. Vikapitwa na muda, na banda la kuhifadhia likaporomoka. Mabaki yaliyoonekana kwa macho yalikusanywa na kuondolewa. Hata hivyo watafiti walipoupima udongo uliobaki na kuchapisha matokeo mwaka 2004, walikuta udongo wa juu wenye DDT inayofikia asilimia 28, sumu ikiwa imeshuka hadi sentimita 50, na maji ya visima vya hapo yakiwa yameguswa. Hitimisho lao lilikuwa kwamba udongo wenyewe sasa umekuwa taka hatarishi. Asilimia 28! Zaidi ya robo ya kile mtu anachokiona ni udongo, si udongo.

Basi tukapima. Kwa maelekezo ya yule mwalimu tuligawa kiwanja kwa kamba katika miraba. Katika kila mraba tulichota udongo wa juu, kina cha vidole viwili, kutoka sehemu tano, tukauchanganya katika ndoo safi ya plastiki, tukatia kiasi cha kikombe kwenye mfuko na kuandika namba. Kwenye pembe ya mafundi betri tulichota pia chini zaidi. Hatukusahau ua wa msikiti wenyewe, uwe wa kulinganisha, kwa sababu katika jiji letu hata mahali pasipopata kuona betri huenda pana risasi kidogo: petroli yenye risasi ilitumika hadi nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilipoiacha mwanzoni mwa mwaka 2006, na vumbi la moshi wa miaka hiyo bado limo kando ya barabara. Sampuli zikapelekwa maabara.

Ili msomaji apate mizani: mwaka 2024 Marekani ilishusha kiwango chake cha tahadhari kwa udongo wa makazi kutoka miligramu 400 za risasi katika kilo moja ya udongo hadi 200. Nchi yetu nayo ina Kanuni za Viwango vya Ubora wa Udongo za mwaka 2007. Majibu yalipokuja, upande wa njia ulikuwa hauna tatizo la kutisha. Katikati palipanda na kushuka. Pembe ya mafundi betri ilikuwa imevuka mipaka yote, na mahali palipokuwa na jiko la kuyeyushia ndipo palipozidi kuliko pote.

Tuuze?

Kabla ya kufika kwenye udongo wenyewe tulipita katika fikra ya kukiuza kiwanja na kununua kingine. Fikra hiyo haikukaa sana. Madhehebu yetu ya Shafi ni makali mno katika suala la kuuza mali ya waqfu, na hata ambao wangetupatia ruhusa wasingetupatia ruhusa ya kunyamaza. Mwenye kuuza hana budi kumweleza mnunuzi aibu ya bidhaa. Tukimweleza, nani atanunua? Tukimficha, atajenga nyumba, na watoto watakaotambaa pale watakuwa wa Muislamu mwingine au wa jirani asiye Muislamu. Madhara ni yaleyale.

Kuchimba, lakini kupeleka wapi?

Njia iliyopendwa na wengi ilikuwa kuchimba udongo wote mbaya, kupakia kwenye malori na kuleta udongo mpya. Ina hoja nzito. Mwaka 2010 katika jimbo la Zamfara, kaskazini mwa Nigeria, katika vijiji vya Waislamu wenzetu, mawe ya dhahabu yaliyochanganyika na risasi yalisagwa majumbani, na watoto zaidi ya 400 wakafariki. Madaktari Wasio na Mipaka walifungua matibabu, ila waliona wazi kwamba mtoto akitibiwa na kurudishwa katika ua uleule atakuwa kama mtu anayetekwa maji kwenye mtumbwi uliotoboka. Kwa hiyo nyumba zilisafishwa kwanza. Udongo wa juu wa nyua na vyumba ulikwanguliwa, ukazikwa katika mashimo maalumu nje ya vijiji, udongo safi ukawekwa mahali pake. Wenyeji wenyewe walifanya sehemu kubwa ya kazi. Kijiji cha Bagega kilisubiri hadi mwaka 2013.

Vijijini Zamfara palikuwa na nafasi ya kuchimba shimo la mbali. Ilala hatuna. Na hapa ndipo tulipoona vema tufungue historia ya jiji letu, kwa kuwa vijana wengi hawaijui.

Kwa miaka mingi taka za Dar es Salaam zilimwagwa Tabata. Wakazi walichoka na moshi, wakaenda mahakamani mwaka 1988. Halmashauri ya Jiji iliomba kuongezewa muda mara kwa mara, hadi mwaka 1991 Mahakama Kuu, Jaji Lugakingira, ilipokataa. Taka zikahamia Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko nao wakashtaki mwaka huohuo, wakashinda. Zikarudi kwetu Ilala, safari hii Vingunguti, hadi mwaka 2001. Kutoka hapo zikaenda Mtoni, wilayani Temeke, kisha Pugu Kinyamwezi. Kila mtaa ulikuwa na haki katika madai yake. Hata hivyo, ukiisoma orodha hiyo kwa mfululizo utaona kwamba hakuna hata mara moja ambapo taka ziliisha, zilibadilisha jirani.

Sasa tuseme lori letu limejaa udongo wa risasi. Dereva atauliza aende wapi. Pugu kuna watu, kuna waokota taka wanaofanya kazi mikono mitupu, na Mto Msimbazi unaanzia katika milima ya huko. Mvua ikinyesha, huenda mzigo wetu ukaturudia kwa njia ya mto, ukipita kwanza kwenye bustani za mchicha za bondeni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwisha kuchapisha mwaka 1999 matokeo ya mboga zilizolimwa kando ya mito Sinza na Msimbazi, wakazikuta na metali nzito. Wapo pia madereva ambao hawatauliza chochote. Watamwaga usiku kwenye kiwanja cha mtu anayetafuta kifusi cha kujazia. Sheria hairuhusu. Udongo wa namna hii ni taka hatarishi, na anayeubeba sharti awe na kibali kinachopitia Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira. Bei ya mwenye kibali kwa kiwanja kizima ilitufanya tunyamaze kwa muda.

Wenzetu wa Mombasa wametufunza jambo jingine, kwamba hata mwenye hukumu mkononi hana uhakika wa lini. Mtaani Owino Uhuru kiwanda cha kuyeyusha betri kilianza mwaka 2007 na kufungwa 2014. Aliyekuwa mwajiriwa wake, Bi Phyllis Omido, aligundua kwamba mwanawe aliyekuwa akinyonya ana risasi mwilini, akaanza harakati zilizomletea Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, ikaamuru udongo usafishwe ndani ya miezi minne, la sivyo zilipwe milioni 700 kwa kazi hiyo. Zikafuata rufaa. Ilikuwa Desemba 2024 ndipo Mahakama ya Juu ya Kenya iliporejesha fidia ile. Mtoto aliyezaliwa mwaka kiwanda kilipofunguliwa alikuwa tayari na miaka 17.

Dawa, mimea na mifupa ya samaki

Habari njema ilikuwa upande wa gereji. Oili si risasi. Asili yake ni ya vitu vilivyokuwa na uhai, na vijidudu vya udongo huila wakipewa hewa, unyevu na chakula. Udongo wa oili hutandazwa juu ya turubai nene, ukachanganywa na samadi au mboji, ukageuzwa kwa majembe kila baada ya siku chache na kufunikwa wakati wa mvua. Ni kazi ya miezi, pengine zaidi ya mwaka kwa oili nzito, na haitaki mtambo. Inataka tu kwanza uhakikishe kwamba udongo huo hauna risasi, maana samadi haitaifanya chochote. Vijana wetu wanaifanya kazi hii sasa hivi.

Kuhusu risasi tuliletewa shauri la mimea, hasa alizeti, kwamba hunyonya sumu. Tulilichunguza kwa kuwa lilikuwa la bei nafuu na la kupendeza macho. Ukweli ni kwamba risasi hung'ang'ania udongo, na mimea huchukua kidogo mno. Kwa kiwango cha pembe ile tungevuna alizeti hadi wajukuu wetu waote mvi, na kila mavuno yangekuwa taka hatarishi mapya. Kuosha udongo kwa mitambo na kemikali hufanyika Ulaya. Huku kwetu hatukumpata wa kuifanya.

Njia ya kuifunga risasi ndiyo iliyotuvutia zaidi. Fosfeti ikikutana na risasi huungana nayo kuwa madini magumu yasiyoyeyuka kirahisi, hivyo hata mtoto akiimeza, tumbo lake hunyonya kidogo zaidi. Mwaka 2011 huko Oakland, California, serikali ya Marekani ilichanganya mifupa ya samaki iliyosagwa katika udongo wa nyua za mtaa mmoja wa watu wa kipato cha chini, kwa kuwa mifupa ina fosfeti. Tuliposikia hayo, mmoja wetu alicheka: mifupa Feri haina mwenyewe, na fosfeti ya Minjingu, mkoani Manyara, inauzwa katika maduka ya pembejeo. Lakini risasi inabaki palepale, kazi inataka kupimwa na kusimamiwa na mtaalamu, na fosfeti ikizidi huoshwa na mvua hadi mtoni. Tuliiona kuwa msaidizi mzuri, si mtendaji wa peke yake.

Tulichoafikiana

Kamati haikuwa na kauli moja, na mweka hazina wetu hadi leo anaamini kwamba tungechangisha na kuchimba kila kitu. Huenda yu sahihi. Wengi tuliamua hivi.

Pale palipokuwa na jiko la kuyeyushia, eneo la chumba kimoja, tutachimba. Udongo huo, pamoja na mapande ya makaa ya risasi, utawekwa katika mapipa yenye vifuniko na kukabidhiwa mwenye kibali, kwa maandishi, tukijua unakokwenda. Fungu hilo dogo tunaweza kulilipia. Sehemu iliyobaki ya pembe ile na katikati hatutaigusa, tutaifunika. Kwanza utatandikwa wavu wa plastiki wa rangi kali, ili atakayechimba miaka ijayo auone na asimame. Juu yake kitambaa kizito cha ujenzi, kisha tabaka la kifusi safi, kisha zege. Mchanga na kifusi tutauliza asili yake, kwani mchanga unaochimbwa Msimbazi huuzwa mjini kwa bei ndogo, na isingekuwa busara kufunika sumu kwa sumu.

Kisima, choo na shimo lake vimehamishiwa upande wa njia. Mashimo ya nguzo yatachimbwa machache iwezekanavyo, na udongo wake utabaki chini ya zege hiyohiyo. Siku za kazi ardhi italoweshwa kwanza ili vumbi lisiruke, mafundi watavaa barakoa na kubadilisha nguo kabla ya kwenda kwao, na madrasa itafungwa.

Udhaifu wa kufunika tunaujua. Zege hupasuka. Wanakamati hufariki au huhama, na kamati mpya yaweza kutaka kuchimba kisima kipya palepale. Ndiyo maana ramani ya miraba na majibu ya maabara tumeyaambatanisha na hati ya waqfu, nakala moja imo kwa serikali ya mtaa, na zege itakaguliwa kila mwaka baada ya masika. Kiwanja chetu kiko juu, mafuriko hayakifiki. Waliopo Jangwani au Mchikichini wasiige hatua hii bila kumwuliza mtaalamu, kwa sababu maji ya Msimbazi hufunua kilichofunikwa. Hata ule mradi mkubwa wa kuendeleza Bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliupitishia dola milioni 200 mwaka 2022, utakumbana na swali letu kwa ukubwa wa jiji: tope litakalochimbwa mtoni litakwenda wapi?

Nyumbani

Akina mama wametuuliza wafanye nini wakati huu. Viatu vibaki mlangoni, jambo ambalo kwetu si geni. Sakafu ipigwe deki badala ya kufagiwa ikiwa kavu, kwani ufagio mkavu hupandisha vumbi. Watoto wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula na kabla ya kulala. Baba au kaka anayefanya kazi gereji au kwenye betri asimbebe mtoto kabla ya kuoga, na nguo zake zifuliwe peke yake. Chakula chenye madini ya chuma na kalsiamu, kama dagaa, maziwa, maharage na mboga za majani zinazojulikana zinakotoka, hupunguza kiasi cha risasi ambacho mwili hunyonya; tumbo tupu hunyonya zaidi. Wajawazito tunawasihi waache udongo wa kula unaouzwa sokoni Kariakoo, kwa kuwa hakuna anayejua umechimbwa wapi. Na wanja wanaopakwa watoto machoni, ule wa unga usio na jina la mtengenezaji, nao pengine una risasi. Mila hiyo tunaipenda sote, lakini si kila kilichomo kichupani ni kile cha bibi zetu.

Kipimo cha risasi katika damu hakipatikani katika kila zahanati. Mzazi ambaye mtoto wake alicheza kiwanjani amweleze daktari wazi kwamba mtoto amekuwa mahali palipopasuliwa betri, asiseme tu kwamba hana nguvu. Kamati imeandika majina ya watoto 31 tuliowaona au kuambiwa kuwa walicheza pale, nasi tunafuatilia kipimo kwa ajili yao.

Limebaki suala la mafundi wenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila aishiye Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na msingi wake mmoja ni kwamba mchafuzi ndiye mlipaji. Baadhi yetu walitaka tuwashtaki. Tulikwenda kuwatafuta. Hawakuhama mbali, wako nyuma ya nyumba moja, mtaa wa tatu kutoka hapa, na sufuria ileile. Fundi mkubwa alitukaribisha kwenye benchi, akasikiliza yote, akatazama viganja vyake. Hakuna aliyewahi kumweleza. Betri anazozipasua zimetoka katika magari yetu, daladala tunazopanda na sola za majumba yetu, wala hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kuuliza betri yake kuukuu inapelekwa wapi. Kisha alituuliza kama wanawe wawili wamo katika ile orodha. Wanasoma katika madrasa yetu. Hawakuwamo, kwa kuwa hatukuwahi kuwaona kiwanjani. Wao hucheza kwao, karibu na sufuria.

Orodha sasa ina majina 33. Kikao cha wazazi kitafanyika Jumapili ijayo baada ya Alasiri, ghorofa ya juu ya msikiti, na upande wa akina mama utakuwa wazi. Mafundi betri wa mtaa wamealikwa, na yule mwalimu wa kemia atakuwepo kujibu maswali. Anayefahamu kiwanja kingine hapa Ilala kilichowahi kutumika kwa kazi hiyo aje na maelezo ya mahali kilipo.